Robo Iliyobebwa

Siku ya nne ya mafunzo, saa tano kasoro robo asubuhi, Bibi Afya aligundua kwamba shahidi mkubwa wa kumwangusha alikuwa ni yeye mwenyewe.

Mpaka hapo mambo yalikuwa yanamwendea vizuri. Walikuwa watu kumi na mmoja katika ukumbi wa idara ya afya, wauguzi, maafisa afya na makarani wa takwimu, wameitwa kufundishwa namna ya kupanga mradi na kuuombea fedha. Ukumbi wenyewe una feni tatu: moja inazunguka, ya pili inalia, ya tatu ilikata tamaa zamani. Wengi walikuja wakidhani ni mafunzo kama yale mengine, unasaini, unakunywa chai, unapiga picha ya pamoja, unarudi nyumbani na kalamu mpya. Chai waliikuta. Lakini walimkuta pia mkufunzi, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, asiye na haraka wala huruma. Ukimwambia watoto hawachanjwi, anauliza kwa nini. Ukimwambia gari halifiki, anauliza kwa nini. Ukimwambia hujui, ndipo anavuta kiti na kukaa. Siku ya kwanza haijaisha alikuwa ameshapewa jina la Mama Kwa Nini, na siku ya pili akawa anaitika.

Na safari hii kulikuwa na kitu cha kugombea. Mfadhili mmoja alikuwa ameahidi fedha za kliniki ya mkoba kwa miaka miwili, kwa eneo moja tu. Ijumaa, siku ya tano, kila mtu angesimama kutetea andiko lake mbele ya kamati ya watu watatu, na kamati ingechagua moja. Bibi Afya aliiombea Ng'ambo.

Ng'ambo ni kule upande wa pili wa mto, nyumba mia nne hivi, shule moja, na zahanati hakuna hata ya dawa. Mara moja kwa mwezi muuguzi anatakiwa kuvuka na kasha la barafu lenye chanjo, mizani ya kutundika na daftari, akae kwenye darasa la pili, akina mama wapange foleni. Hiyo ndiyo kliniki ya mkoba. Fedha zake zilikuwa zinaisha mwisho wa mwezi. Andiko lisipopita, mkoba unatundikwa ukutani, na mtoto wa Ng'ambo atakayetaka chanjo itabidi abebwe mgongoni mwendo wa saa tatu kwenda na saa tatu kurudi. Watakaobebwa tunawajua. Ni wachache.

Sasa huyu Bibi Afya mtu asimdhanie vibaya. Alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, mfagizi wa wodi. Daktari mmoja kijana alimkuta ameegemeza ufagio kwenye kitanda, anasoma cheti cha mgonjwa. Badala ya kumfokea, akamwuliza maana ya neno lililoandikwa pale. Akajibu. Mwaka uliofuata daktari yule akamsainia fomu ya chuo cha uuguzi. Leo daktari yule ndiye Mganga Mkuu, nywele nyeupe, na yeye ana miaka hamsini na mmoja na cheo cha afisa afya. Wauza nyama wakimwona kwa mbali hukumbuka ghafla kwamba wana vitambaa vya kufunikia nyama. Hajawahi kula rushwa. Hajawahi kumtukana mzazi kwenye foleni, na wauguzi wenzake wanajua hilo si jambo dogo.

Basi, kanuni ya Mama Kwa Nini ilikuwa hii: tatizo halibandikwi ukutani mpaka liwe na ushahidi, na ushahidi uwe na sahihi ya mtu. Bibi Afya akatoa kwenye faili ripoti ya Ng'ambo ya mwaka uliopita, akaibandika, akarudi kukaa kwa madaha.

Mama Kwa Nini akaisoma kwa sauti. "Watoto wanaotarajiwa, mia mbili na arobaini. Waliokamilisha chanjo, mia mbili ishirini na nane. Asilimia tisini na tano." Akashusha miwani. "Dada yangu, hawa wamechanjwa kuliko hata watoto wa hapa mjini. Mfadhili akupe fedha za nini?"

Ukumbi ukacheka. Bibi Afya naye akacheka, kisha jicho likamwangukia chini ya karatasi, penye sahihi. Ilikuwa yake, na ule mkia wake wa kujidai.

"Nani amesaini hii?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Kwa siku nne alikuwa na jibu la kila kwa nini. Hili hakuwa nalo, au tuseme alikuwa nalo, ila si la kutolewa mbele ya watu. Mama Kwa Nini akamtazama, hakuvuta kiti. Akasema, "Mpaka kesho saa tatu," akahamia kwa mwingine.

Hapa inabidi kueleza jambo ambalo watu wa idara ile hawawaelezi wageni. Kuna mwezi gari linakwenda kumpokea mkubwa fulani. Kuna mwezi mafuta hakuna. Kuna mwezi mto umefurika. Safari haikuendeka, watoto hawakuchanjwa, lakini ripoti ya robo mwaka lazima iende, na ripoti yenye chini ya themanini hurudi na wino mwekundu na barua ya kuitwa kujieleza. Basi mtu huchukua namba ya robo iliyopita, huiongeza watoto wawili watatu ili isifanane sana, akaiandika. Wenyewe wanaita kubeba robo. Hukwenda? Sikwenda, nimebeba. Hakuna anayeona kuwa ni uongo, maana kila mmoja huapa kwamba robo ijayo atakwenda mara mbili afidie. Robo ijayo ikifika, nayo hubebwa. Miaka sita tangu akabidhiwe Ng'ambo, Bibi Afya hakuwahi kuandika sifuri hata siku moja.

Ajabu ni kwamba daftari la mkoba lilikuwa safi kabisa. Lile linaandikwa pale pale, mtoto analia mapajani mwa mama yake, na mtu hawezi kumwandika mtoto ambaye hayupo huku walioko wanamtazama. Kwenye daftari la mwaka ule safari zilizopangwa zilikuwa kumi na mbili, zilizofanyika tano. Watoto waliokamilisha, themanini na nane.

Wakati wa chai, karani wa takwimu wa kituo chake alimfuata na kikombe mkononi. Huyu wanamwita Takwimu, mwanamume wa miaka thelathini na tano, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Mama, usijipe presha," alisema kwa sauti ya chini. "Andika sabini. Sema kuna marekebisho. Sabini si mbaya ya kututia aibu, na si nzuri ya kutunyima."

"Sabini umeitoa wapi?"

"Pale pale ulipoitoa tisini na tano."

Bibi Afya akamwachia chai yake akatoka nje kwenye ujia, na huko akakutana na Mganga Mkuu, ambaye ndiye angekuwa mwenyekiti wa kamati. Alikuwa amesimama dirishani kama anayesubiri mtu. Kumbe alikuwa anamsubiri yeye.

"Nimesikia," alisema. "Usinijibu kwanza, nisikilize. Mimi nimebakiza miezi minne nistaafu. Ile tisini na tano imepanda mpaka wizarani, imeandikwa kwenye hati ya pongezi. Ukiivuta chini haitaanguka peke yake. Chagua eneo jingine. Chukua mtaa wa sokoni, andika vizuri kama unavyojua, na mimi nitalisimamia lipite."

"Na Ng'ambo, mzee?"

"Ng'ambo wana tisini na tano."

"Na wale watoto wawili?"

Mganga Mkuu alitazama dirishani. "Wale tuliandika ni wahamiaji."

Waliandika, kweli. Msimu wa mvua uliopita surua iliingia Ng'ambo, watoto saba wakaugua, wawili wakazikwa. Kwenye karatasi watoto wale hawakuweza kuugua surua, kwa kuwa karibu wote walishachanjwa, kwa hiyo ikaandikwa kwamba waliofariki walikuwa wageni waliofika wiki ile na ugonjwa wao. Mmoja wa hao wageni alikuwa pacha aliyezaliwa siku ya kliniki, darasa la pili, mikononi mwa Bibi Afya mwenyewe. Alipovuka kwenda kutoa pole, mama wa mtoto hakumlilia wala hakumgombeza. Alimtengea kiti, akakaa naye, akasema, "Dada, ulisema mwezi ujao." Neno hilo Bibi Afya alikuwa akilala nalo na kuamka nalo, na hakuwa amemwambia mtu.

Saa kumi na moja jioni, jua bado lipo, alifika nyumbani. Mume wake ni fundi cherehani, anashonea barazani, na siku hiyo alikuwa anafumua sare ya shule.

"Mbona umeingia kama mtu aliyekosea nyumba?" akamwuliza.

Akakaa kwenye ngazi akamweleza yote, hata lile neno la mama wa pacha. Fundi hakuinua kichwa, wembe unakata uzi mmoja mmoja.

"Mke wangu, wahenga walisema mficha maradhi..."

"Usinimalizie hiyo. Naifundisha watu kila siku."

"Haya."

"Wakinifukuza tutakula nini, baba watoto?"

"Tutakula kidogo."

Akacheka bila kutaka, kisha machozi yakamtoka, nayo bila kutaka. Fundi akaweka wembe chini.

"Mimi nguo nikikosea kipimo nina njia mbili," alisema. "Naivuta kwa pasi, mteja anaondoka anatabasamu, inampasukia mbele za watu. Au naifumua yeye akiona, ananitukana, anarudi keshokutwa anavaa."

"Na wewe huwa unafumua?"

"Mara nyingi navuta." Akaokota wembe wake. "Lakini mimi nashona nguo."

Bibi Afya aliingia ndani akatoa madaftari sita ya mkoba, akatandika karatasi ya manila kwenye meza ya kukatia vitambaa, na kabla giza halijaingia alikuwa amejaza safu mbili. Fundi alimshikia rula. Aliona namba zote na hakuuliza hata moja.

Ijumaa saa tatu kamili kamati ilikuwa imeketi: Mganga Mkuu katikati, mhasibu wa idara kushoto, mwakilishi wa mfadhili kulia, bwana mmoja mpole aliyekuwa akichonga penseli kila baada ya andiko. Mama Kwa Nini alikaa nyuma kabisa. Bibi Afya alikuwa wa saba kuitwa. Kila aliyetangulia alionekana kujua kusema kuliko yeye, na kila mara Mganga Mkuu alipogeuza kichwa aliona kama anamtafuta yeye, anataka kuona ameshika andiko la wapi. Manila ilikuwa imekunjwa mapajani. Kwenye faili alikuwa na andiko jingine, kurasa tatu za mtaa wa sokoni, ameliandika alfajiri ile ile, kwa sababu binadamu ni binadamu. Wa tano alipomaliza, mkono wa Bibi Afya ulikuwa juu ya faili. Wa sita alipomaliza, ulikuwa bado pale.

Likaitwa jina lake. Alisimama, akaliacha faili kitini, akapita mbele na kuibandika manila.

"Safu hii ni niliyoandika," alisema. "Safu hii ni niliyofanya."

Tisini na tano. Thelathini na saba. Na juu yake, mwaka mmoja mmoja, miaka sita.

Feni inayolia ililia peke yake. Mtu mmoja katika wale kumi alikohoa, wengine wakawa wanatazama viatu vyao kwa makini sana, na wana haki, maana hakuna hata mmoja pale ambaye hajawahi kubeba. Takwimu alifumba macho.

"Unajua unachokisema?" Mganga Mkuu aliuliza. Sauti yake haikupanda.

"Najua, mzee. Nimekuja na sahihi yangu tu. Za wengine sikuja nazo."

Mwakilishi wa mfadhili aliacha kuchonga penseli. Kutoka nyuma, Mama Kwa Nini akauliza lile swali lake, safari hii taratibu.

"Kwa nini, dada?"

"Gari lilikuwa halipatikani. Mafuta hayapo, au mto umejaa."

"Hiyo ni kwa nini hukwenda. Kwa nini uliandika?"

Aliyatafuta maneno mazuri ya andiko, malengo na viashiria, hayakuja.

"Nilikuwa naogopa kuitwa kujieleza," alisema. "Mkubwa wangu anaweza kuniita. Mama wa Ng'ambo hawezi kuniita. Kwa hiyo nikamridhisha anayeweza."

Kisha akaeleza mradi wake, dakika kumi, safari kwa safari, ikiwa ni pamoja na pikipiki ya kukodi kwa mwezi ambao gari litaitwa kumpokea mkubwa, akarudi kukaa. Hakusikia lolote walilosema wale wanne waliobaki.

Kamati ilijifungia saa nzima. Walipotoka, aliyesoma matokeo ni mwakilishi wa mfadhili. Alisema fedha zinakwenda Ng'ambo, kwa kuwa kati ya maandiko kumi na moja ni hilo moja tu lililomwonyesha mahali pa kuanzia kupima. Watu wakaanza kupiga makofi, akainua mkono. Kulikuwa na sharti. Aliyesaini ripoti zisizo za kweli hatausimamia mradi, na hatasaini ripoti yake yoyote. Mradi utakuwa chini ya karani wa takwimu.

Makofi hayakujua yaendelee au yakome. Takwimu aligeuka kumtazama, kinywa wazi, na Bibi Afya akajikuta ndiye anayempa moyo kwa kichwa.

Barua ilikuja Jumatano. Ameshushwa kutoka afisa afya kuwa muuguzi wa mkoba, na onyo kali kwenye jalada lake. Mganga Mkuu aliisaini mbele yake. Mkono ule ule uliosaini fomu ya chuo, kalamu haikusita, ila macho hayakumwinukia. Bibi Afya aliipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kupokea kitu kutoka kwa mkubwa, akasema asante mzee, na akatoka akalie chooni, mlango umefungwa, bomba limefunguliwa. Iliuma. Asije mtu akasema ukweli hauumi. Wauguzi aliowafundisha kushika sindano walianza kumkatishia salamu, na mwenzake mmoja wa miaka mingi alimwambia usoni kwamba amewavua nguo wote ili yeye aonekane amevaa. Miezi minne baadaye Mganga Mkuu alistaafu bila picha ya pamoja.

Lakini mkoba ulivuka. Mwezi wa kwanza ulivuka, wa pili ukavuka. Siku ya kwanza mama wa pacha alikuwa wa tatu kwenye foleni, amembeba aliyebaki. Alimkabidhi kadi, akamshika mtoto mguu ili asirushe, na sindano ilipotoka akasema, "Umekuja." Bibi Afya alijibu, "Nimekuja." Akaandika jina la mtoto kwenye daftari, na tarehe, akamwita anayefuata.

Mwezi wa tatu mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Walifika mtoni saa mbili asubuhi, yeye na Takwimu na dereva, wakakuta daraja la mbao halipo. Pikipiki isingefaa, wala mtumbwi, maji yalikuwa yanabeba magogo. Kwa upande wa pili waliwaona akina mama wamesimama kwenye mvua, miavuli michache, wengine wamejifunika mifuko ya nailoni, watoto migongoni. Walikaa ndani ya gari saa nzima wakingoja maji yapungue. Yaliongezeka. Barafu kwenye kasha ilikuwa na saa zake, na hatimaye dereva akawasha gari bila kuambiwa.

Takwimu alikuwa amekaa mbele, fomu ya mwezi magotini, kalamu mkononi, haandiki.

"Mama," alisema. "Tumeshafika asilimia hamsini na tano, tumepanda vizuri. Hii ndiyo ripoti yangu ya kwanza ya robo. Nikibeba ya mwezi uliopita, mwezi mmoja tu, nani atajua? Mto ndio umekataa, si sisi."

Bibi Afya alikuwa nyuma, amekumbatia kasha. Alipangusa ukungu kwenye kioo kwa kiganja. Kule ng'ambo mwanamke mmoja alikuwa ameinua mkono, na kwa umbali ule mtu hawezi kujua kama anaaga au anauliza.

"Wale wanajua," alisema. "Andika sifuri."

"Wataniita kujieleza."

"Nitakwenda na wewe. Nimeshaizoea njia. Andika, na pembeni yake andika kwa nini."

Takwimu akainama akaandika. Bibi Afya akaegemea mbele, akachungulia juu ya bega lake. Sifuri ilikuwa ndogo, imejibana kwenye pembe ya kisanduku, ukipita haraka ungedhani ni doa la wino.

"Ikuze," alimwambia. "Isomeke."

Akaikata, akaiandika tena, kubwa.